Nilipiga Hodi Darajani

Juzi mjukuu wangu Neema alikuwa anapaka nguzo za uzio oili chafu, mchwa wasizile. Mimi nilikuwa ndani napepeta mahindi. Harufu ikaingia mlangoni ikanikuta pale nilipokaa, nikaweka ungo chini. Neema akachungulia. "Bibi, unaumwa?" Nikamwambia siumwi, endelea na kazi yako. Kisha nikatokea mlango wa nyuma, nikaenda kusimama kwenye zizi na ng'ombe mpaka moyo ukatulia.

Mimi si mtu wa kulialia. Nimezaa saba na wote wamesoma, mimi niliyeishia darasa la tatu. Nimezika mume, na siku ya pili yake nilikuwa shambani kwa sababu maharage hayakujua kama nimefiwa. Lakini oili chafu ikipakwa juu ya mbao mpya, miguu yangu inakuwa ya mtoto. Ninyi wa umri wangu mliokulia upande huu wa mlima Hanang, mkivuka korongo kwenda mashamba ya ngano ya serikali, mmeshajua nasema daraja gani. Lile lililokuwa na paa.

Korongo letu ni la mvua. Miezi mingi lilikuwa mchanga mtupu, mtu anavuka na viatu vyake. Mvua ikinyesha mlimani lilijaa kabla chai haijachemka, maji mekundu, yanabingirisha mawe kama mtu anayesogeza makabati. Upande huu tulikuwa sisi, Wairaqw wa Gehandu, na mahindi yetu na maharage. Ng'ambo ilikuwa ngano. Ilikuwa kama mtu ametandika blanketi moja dunia nzima na kulinyoosha kwa mkono. Kabla ya ngano kule yalikuwa malisho ya Wabarbaig, na makaburi ya wazee wao, vile vilima vya udongo walivyovijenga kwa heshima. Matrekta yalipita juu yake. Hilo nililielewa nikiwa mtu mzima. Utotoni niliona tu wazee wa Kibarbaig wamesimama kwenye ukingo wa ngano na fimbo zao, hawasemi kitu, nikadhani wanapenda kuangalia matrekta kama sisi.

Shamba lilijenga daraja la mbao malori yapite. Lilioza. Wakajenga lingine, nalo likaoza. Ndipo akaja mzungu mmoja wa ngano, mrefu, masikio mekundu, akasema kwao madaraja ya mbao yanavalishwa paa kama nyumba, ndiyo maana yanadumu. Watu walicheka sana siku hiyo. Mzee Gwandu, ambaye baadaye alipewa kazi ya kulinda daraja hilo, alimwambia mkalimani, "Muulize, hilo daraja lina mafua?" Mkalimani hakuthubutu kumfikishia. Mzungu akaona watu wanacheka, akacheka nao, akaendelea kupima.

Likajengwa kweli. Nguzo za mtarakwa ziliteremshwa kutoka milima ya Mbulu. Kuta zilikuwa za mbao pande zote mbili, zikaachiwa mwanya wa kiganja chini ya paa ili mwanga uingie. Juu bati. Na mbao zote, ndani na nje, wakazipaka oili chafu ya matrekta, mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, mpaka korongo lote likanuka gereji. Mzungu alikuwa amepima lori likiwa tupu. Lori la kwanza kupita na mzigo lilikwama katikati, magunia yamebana kwenye bati, utingo amelala juu yake kifudifudi anaita mama yake. Walishusha nusu ya mzigo ndipo likatoka.

Lakini waliolielewa vibaya kuliko wote ni ng'ombe. Kwetu ng'ombe alilala ndani ya nyumba pamoja na sisi, yeye upande wake, sisi upande wetu. Paa kwake lilikuwa na maana moja tu. Ukimwingiza kwenye daraja lile, giza kidogo, kuta huku na huku, anatafuta kona, anakunja magoti, analala. Lori linapiga honi, yeye anacheua. Ng'ombe wa Wabarbaig waliolala nje maisha yao yote walifanya kinyume, hawakutaka kuingia hata kwa fimbo. Kwa hiyo siku nyingine unakuta wetu hawatoki na wao hawaingii, na dereva wa shamba katikati anatukana watu wote.

"Gwandu, muamshe ng'ombe wako."

"Si wangu. Wa jirani yangu huyo."

"Amelala kwako. Umekuwa mwenye nyumba siku hizi."

"Mwenye nyumba gani asiye na jiko," Mzee Gwandu anajibu, na huku anamsukuma ng'ombe kwa goti.

Ndivyo watu walivyozoea kusema, nyumba ya Gwandu. Ilikuwa utani. Watu wazima walijua ni utani.

Sisi wasichana tulilipenda kuliko kitu chochote. Nyumba zetu zilikuwa za udongo na nyasi, mvua ikinyesha juu huisikii. Pale, chini ya bati, manyunyu tu yalitosha mkazibana masikio. Tulicheza nyumba. Binti wa Mzee Gwandu, Paskalina, aliyenipita mwaka mmoja na ulimi, ndiye alikuwa mama mwenye nyumba, kwa kuwa lilikuwa daraja la baba yake. Mlangoni lazima upige hodi. Yeye ndani anasema karibu, ndipo unaingia na mtoto wako wa gunzi mgongoni. Usipopiga hodi anakurudisha. Ukipiga mara tatu na yeye hataki kukujibu, unaondoka, kama kwa watu wazima. Nilipiga hodi kwenye daraja lile mara nyingi kuliko nilivyopiga kwenye mlango wowote wa kweli.

Kisha mdogo wangu akafa. Bura, miezi mitano, alikuwa na kikohozi. Asubuhi alikuwa ananyonya, jioni mama amemshika tu.

Sisi tulikuwa Wakristo. Mchungaji alikuja akaomba, akaimbisha wimbo mmoja, akamzika. Lakini mchungaji naye alikuwa Mwiraqw, alijua kitakachofuata, akavaa kofia yake akaondoka bila kunywa maji kwetu. Bibi, mama yake baba, ndiye aliyetuambia. Tuna metimani. Vijana wa leo hawaijui, basi niwaeleze. Mtoto anayenyonya akifa, nyumba ile inakaa peke yake kwa miezi. Watu hawaji kwenu, nanyi hamwendi kwa watu. Mnachota maji mbali na wengine. Hamwombi moto, hampewi maziwa. Mkikutana na mtu njiani mnampisha.

Bibi alinikalisha mbele yake, akanishika kidevu. "Wewe una miguu ya mbuzi, kwa hiyo sikia. Usiingie nyumba ya mtu yeyote. Ukiingia, unampelekea kifo chetu. Umesikia?"

Nilisikia sana. Watu wazima wakimwambia mtoto jambo hawajui analipeleka wapi kichwani. Mimi niliona kifo kama chawa. Kwamba kiko kwenye nywele zangu, kwenye nguo, nikiingia mahali kinaruka. Nilikuwa najikung'uta asubuhi kabla ya kutoka nje, peke yangu, nyuma ya nyumba.

Siku zikapita, nikachoka kukaa. Nikateremka darajani. Wenzangu walikuwa ndani. Paskalina aliniona kabla sijafika mlangoni.

"Simama hapo hapo."

"Nimekuja kucheza."

"Huwezi kuingia. Nyie mna metimani."

"Siingii nyumba ya mtu. Hili ni daraja."

"Lina paa?"

"Lina paa."

"Lina kuta?"

Nikaziangalia zile kuta.

"Huwa unapiga hodi hapa au hupigi?"

"Napiga."

"Sasa nani anapiga hodi kwenye daraja?"

Wenzake wakacheka. Nilirudi nyumbani natafuta jibu njia nzima, sikulipata. Mpaka leo nikilitafuta, naona yule mtoto alinishinda kwa haki. Tangu siku hiyo kwangu daraja lile lilikuwa nyumba, na nyumba ile nimekatazwa.

Baba yangu, Hando, hakuwepo nyumbani. Alikuwa kibarua ng'ambo, msimu wa kupanda. Kazi yake ilikuwa kusimama juu ya tela na kumimina mbegu kwenye mashine. Kupanda ngano ni kukimbizana na mvua, na kibarua aliyekosa siku moja alikuta mtu mwingine amesimama mahali pake. Baba aliomba ruhusa siku ya maziko tu, akasema aliyekufa ni shangazi. Hakuwaambia kwamba ana metimani, kwa sababu nusu ya wale vibarua walikuwa Wairaqw wa vijiji vya mbali, wasiojua msiba wetu, na wangekataa kula naye sahani moja na kulala naye banda moja, na msimamizi asingekuwa na la kufanya ila kumwondoa. Akalala kule kule kambini. Akala peke yake, akidai ana vidonda vya tumbo. Bibi alikubali. Alisema baba akirudirudi ndiyo watu wataanza kuuliza.

Mama alibaki na maziwa yasiyo na mtu wa kuyanywa. Titi moja likawa gumu, likawa jekundu, likang'aa kama limepakwa mafuta. Bibi alilikanda kwa maji ya moto na majani. Mama aliuma kona ya shuka, hakulia. Angekuwa na majirani wangesema peleka huyu zahanati, lakini majirani waliweka unga kwenye jiwe pale njiani, wakaita kwa mbali, wakaondoka. Siwalaumu. Nami ningefanya hivyo hivyo.

Asubuhi moja aliamka anatetemeka mpaka kitanda cha miti kikawa kinagonga ukuta. Alimwita Bura. Kisha akamwita mama yake aliyekufa kabla mimi sijazaliwa. Bibi alimgusa shingo, akauondoa mkono haraka, akanigeukia.

"Kimbia kwa baba yako. Mwambie aje na gari. Asije na maneno, aje na gari."

Zahanati ilikuwa ng'ambo, ya shamba. Bibi mwenyewe alikuwa na goti lililokauka, hakufika hata kisimani. Mama akafumbua macho, akaniona mlangoni. Akasema, "Funga kichwa, kuna mvua." Hayo ndiyo maneno yake kwangu. Sina mengine ya mwisho. Nimekaa nayo miaka yote, na si mabaya.

Nilikimbia. Jua lilikuwa bado halijatoka kwenye mawingu. Ilikuwa siku ya mnada, njia haina mtu, wote wamekwenda na mbuzi zao. Mvua yenyewe ilikuwa mlimani, kwetu manyunyu tu, lakini korongo lilikuwa limejaa mpaka kwenye mizizi ya migunga. Lilipita na tawi zima lenye majani. Mahali pa zamani pa kuvukia hapakuonekana.

Nikafika mlangoni mwa daraja, nikasimama.

Hakukuwa na mtu ndani. Mzee Gwandu alikuwa mnadani, Paskalina alikuwa mnadani. Niliona mpaka mwanga wa upande wa pili, kamraba kadogo, na ndani yake kijani cha magugu. Hatua arobaini, labda pungufu. Hakuna aliyenizuia. Ingekuwa Paskalina yupo ningempiga teke nikapita, nadhani. Lakini nyumba tupu utaigombeza vipi?

Nikapiga hodi.

Msicheke. Niliona kwamba mtu akisema karibu, mwenyewe amenikaribisha, kosa si langu. Niliita, "Hodi." Bati likanijibu kwa manyunyu. "Hodi." Nikangoja. "Hodi." Mara tatu, na mara tatu ndiyo mwisho. Hapo mtu mwenye adabu anaondoka. Mimi sikuweza kuondoka, na sikuweza kuingia. Nikaweka mguu mmoja juu ya ubao wa kwanza. Ulikuwa unateleza kwa oili. Kichwani nikamwona Mzee Gwandu amelala mkekani amefunikwa, kama Bura. Nikautoa mguu. Nilimchukia Paskalina, lakini si kiasi cha kumuulia baba.

Nilishuka kwenye maji. Yakanishika magoti na kunivuta, nikapanda tena kwa mikono. Ng'ambo, kwenye mteremko, niliona trekta na tela, na watu wadogo juu yake, sikujua baba ni yupi. Nikaita mara moja. Korongo lilinguruma kuliko mimi. Basi nikarudi mlangoni pa daraja, nikasimama nje, kwenye manyunyu, mikono kifuani, nangoja mtu yeyote duniani aje kuniambia karibu.

Sijui nilisimama muda gani. Mtoto hana saa. Nguo zililowa zikaacha kuwa baridi. Nilihesabu mbao za ukuta mpaka pale namba zangu zilipoishia, nikaanza tena. Nilimwomba Mungu alete lori.

Likaja, limebeba mbegu, linatoka Katesh. Dereva alikuwa mtu wa mbali, hajui Kiiraqw. Akasimama, akatoa kichwa.

"Shikamoo."

"Marahaba. Wewe mtoto, mbona unalowa na paa hili hapa?"

"Mama anaumwa. Nimetumwa kwa baba, ng'ambo."

"Ng'ambo si hapo? Vuka."

"Siwezi."

"Unaogopa?"

Nikasema ndiyo. Ilikuwa rahisi kuliko ukweli. Akashuka, akaninyanyua kwa kwapa kama gunia, akaniweka ndani. Tulipoingia kwenye daraja niliziba mdomo na pua kwa mikono yote miwili, nisipumue mle, kisije kikatoka. Tulipofika upande wa pili macho yalikuwa yanaona nyota.

Baba aliruka kutoka kwenye tela kabla dereva hajamaliza kusema. Sikuwahi kumwona akiruka. Hakuniuliza mama ana nini. Hakuniuliza kwa nini nimechelewa. Aliniangalia uso, kisha akaangalia daraja, kisha akapanda kwenye lori.

Tukarudi na lori mpaka kwetu, wakamtoa mama wakiwa wamemzungushia shuka. Alikuwa anapumua haraka haraka kama kuku. Tukavuka tena, mara hii sikuziba pua, nilikuwa nimemshika mguu. Kule zahanati mganga alimfunua, akamfunika. Alifanya alichoweza, alimchoma sindano mbili. Alikuwa kijana, alikuwa anataka kulia. Akamwambia baba, "Mngemleta asubuhi."

Jua lilikuwa bado juu mama alipokufa.

Mngemleta asubuhi. Mimi ndiye niliyetumwa asubuhi.

Nikaishi na neno hilo. Lakini ngojeni, maana kichwa cha mtoto hakitosheki na kosa moja. Usiku wake nilianza kufikiri kwamba mama amekufa kwa sababu nimeingia. Niliivuka nyumba ya watu na metimani yangu, tena mara mbili, na mama naye tukamvusha, na korongo limekasirika. Kwa hiyo nilikuwa na makosa mawili yasiyopatana: nimemuua kwa kutovuka, na nimemuua kwa kuvuka. Nikichoka kubeba moja nilibeba lingine. Mzee Gwandu hakufa, alizeeka vizuri tu. Kila nilipomwona anasukuma ng'ombe kwa goti nilifurahi, na kila nilipofurahi nikakumbuka.

Hakuna aliyeniuliza. Bibi alinikalisha, akaninyoa nywele, akaninyamazia. Nadhani alifikiri nilikimbia kadiri ya miguu yangu. Baba alirudi kazini baada ya wiki moja na akakuta mtu mwingine amesimama kwenye tela. Alilima mahindi tangu hapo. Hakuvuka tena kwenda ng'ambo kwa kazi, na sikuwahi kumsikia akitaja ngano, hata ugali wa ngano hakula.

Niliolewa hapo hapo karibu. Nililiona daraja likizeeka pamoja nasi. Mzungu aliondoka, wengine wakaja, wakaondoka. Mashamba yakalegea. Matrekta yalisimama porini, kuku wakataga ndani yake. Mzee Gwandu alipokufa hakuna aliyewekwa badala yake, na bati zikaanza kuondoka moja moja. Ukitembea vijijini ulikuta paa la mtu lina bati moja lenye matundu ya misumari mahali pasipo na maana, ukajua limetoka wapi. Paa lilipokwisha, mvua ilikula mbao kwa miaka michache tu, kama yule mzungu alivyosema. Mimi nilikuwa na watoto wanne wakati huo. Niliwavusha pale kwa mkono, mmoja mmoja, na sikuwaambia kitu.

Mwisho wakaja mafundi wa daraja la zege. Kwanza ilibidi wabomoe la zamani. Siku hiyo baba aliniomba nimpeleke akaone. Alikuwa amezeeka, ameshika fimbo kwa mikono miwili. Tulikaa kwenye jiwe juu ya korongo, upande wetu. Vijana waliziondoa mbao kwa mitarimbo, na ile harufu ikatoka, oili ya miaka yote ile, kana kwamba imepakwa jana.

Sijui kwa nini niliongea. Nadhani nilitaka kulisema kabla halijaisha kubomolewa.

"Baba, siku ile ya mama, sikuchelewa njiani. Nilifika mapema. Nilisimama pale mlangoni, sikuingia."

Aliendelea kuwaangalia wale vijana. Nikafikiri hajasikia, masikio yake yalikuwa yamepungua. Nikaanza tena, nikamweleza Paskalina, na paa, na kuta, na hodi. Niliongea kama mtoto, sijui kupumzika. Nilipofika kwenye hodi ya tatu alinyoosha mkono akanishika kifundo cha mkono.

"Nilikuona," akasema.

"Ulinionaje?"

"Nilikuwa juu ya tela. Pale juu unaona mbali. Nilikuona umefika, nilikuona umesimama. Mtu anamjua mtoto wake hata akiwa mdogo kama punje." Fimbo akailaza mapajani. "Nikasema, ametoroka kwa bibi yake, amekuja kuangalia matrekta. Nikasema, akivuka ataniita baba mbele ya watu, atasema Bura amekufa, Wairaqw wenzangu watajua nina metimani. Nitaondolewa."

Kijana mmoja kule chini alipiga kelele wenzake wakae mbali, nguzo ikaanguka mchangani. Korongo lilikuwa kavu.

"Niliomba usivuke, mama. Niliomba kwa Mungu. Kila nikigeuka ulikuwa bado umesimama, nikashukuru."

Baba hakuwa na desturi ya kuniita mama. Ningeweza kumlaumu. Nilijaribu, nikatafuta hasira mahali ilipokaa miaka yote ikiniangalia mimi, nikaikuta imezoea kwangu, haikutaka kuhama. Nilichoona ni mtu mwembamba juu ya tela, amefiwa na mwanawe, anakula peke yake, ananitazama kwa mbali na kuomba.

"Nilisimama muda mrefu?" nikamuuliza. "Mimi sijui. Nilikuwa sina saa."

"Magunia kumi na moja," akasema. "Nilimimina magunia kumi na moja."